Somo la Kipatimu

Mitwero, Lindi
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa mzazi wangu Mzee Fakihi, Kilwa Kivinje.

Baba, shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa na mgongo haukusumbui tena unapoinuka kwenye mkeka. Mama naye hajambo? Nilisikia kwa shangazi Nasma kwamba homa ilimlaza siku kadhaa na akakataza nisiambiwe. Mpe pole nyingi, umwambie aache kufua mashuka peke yake kama vile hana watu. Sisi huku kwa mjomba Yahya tu wazima, alhamdulillah. Mikorosho ya uani imeanza kutoa maua, nyumba nzima inanukia. Mjomba anakusalimu, anasema shemeji yake umemtupa tangu Idi.

Najua utashangaa kuletewa barua na Abilahi wa basi wakati simu yangu iko hewani na juzi tu tumeongea. Baba, nimejaribu kukwambia kwa simu, si mara moja. Lakini kila nikipiga unaweka sauti ya nje ili wenzako hapo gengeni nao wasikie. Namsikia mtu anauliza, "Ndo daktari huyo?" nawe unajibu, "Ndo mwenyewe." Basi maneno yote niliyoyapanga nayaacha, naishia kukuuliza kama pweza wameonekana. Ndiyo maana nimeandika. Nakuomba uisome ukiwa peke yako chumbani, uifikishe mwisho, kabla hujamwambia mtu neno.

Nianze na lile unalolijua nusu. Unakumbuka kidato cha sita fizikia iliniangusha, mlango wa udaktari ukafungwa, nikapangiwa Morogoro kusoma lishe. Wewe ulimaliza chakula chako, kisha ukasema haidhuru, lishe nayo ni jirani wa dawa, tutazunguka tuingie kwa uani. Uani wenyewe aliupata mjomba. Alisikia kuna chuo cha udaktari Dar es Salaam kinachowapokea watu wenye shahada nyingine. Alipokupigia, mama aliniambia ulisujudu palepale juu ya magunia ya dagaa.

Sharti la chuo kile hukuelezwa sawasawa, na si kosa lako, hata mimi lilinichukua muda kulielewa. Hawatazami matokeo yote kwa pamoja. Mwombaji anaandika kila somo alilosoma chuoni, na mbele ya kila somo anachagua: sayansi, au si sayansi. Kisha wao wanachukua yale ya sayansi tu na kutafuta wastani wake. Wakishayapitia wakakuona chini ya kiwango, maombi yako hayasomwi hata ukurasa wa pili.

Tukakaa sebuleni, mimi na mjomba, na kompyuta yake anayotungia mitihani. Biokemia, sayansi. Fiziolojia ya mwanadamu, sayansi. Vijidudu vya kwenye vyakula, sayansi. Stadi za mawasiliano, mjomba akaguna, lakini akakubali kwamba hiyo si sayansi. Tukaenda hivyo mpaka tukafika kwenye somo linaloitwa Chakula na Jamii, lile lililonipeleka Kipatimu mwaka wangu wa mwisho. Hapo tukakwama.

Tulikwama kwa sababu kemia na biokemia nilizipita kwa kuchechemea, Baba, sikufichi. Somo la Kipatimu nilipata alama ya juu kabisa, na ni somo zito, linahesabiwa kama mawili. Likiingia upande wa sayansi, wastani wangu unavuka mstari. Likikaa upande wa pili, nabaki chini ya mstari, kidogo tu, lakini chini.

Mjomba aliona hapana la kujadili. Akaniuliza, "Shahada yako inaitwaje?" Nikamjibu, sayansi ya lishe. "Basi. Kifaranga cha kuku ni kuku. Vilivyomo humo vyote sayansi." Nikamuuliza, hata stadi za mawasiliano? Akasema nisimletee ubishi wa Morogoro hapa Mitwero.

Jumatatu nikapiga simu chuoni. Akapokea dada mmoja mpole wa ofisi ya udahili, anaitwa Rosemary. Akanieleza kwamba jina la somo halina kazi, wala jina la shahada. Kinachotazamwa ni yaliyofundishwa ndani. Kama zaidi ya nusu yake ni baiolojia, kemia, fizikia au hisabati, andika sayansi. Kama sivyo, andika si sayansi. Nikamwambia langu siwezi kulipasua katikati nikajua nusu iko wapi. Akacheka kidogo, akasema, "Dada yangu, wewe ndiye uliyelisoma. Andika unavyoamini. Jopo litapitia." Nikamshukuru.

Sasa Baba, ngoja nikueleze ni nini hasa nilichokifanya Kipatimu, maana uliponiuliza nilikujibu "mazoezi ya vitendo" na ukaridhika.

Nilikaa kwa mama mmoja anaitwa Magdalena, nyumba yake iko chini kidogo ya misheni, imezungukwa na michungwa. Kazi niliyopewa na chuo ilikuwa kupima watoto wachanga na wale wanaoanza kutembea: uzito, urefu, na unene wa mkono kwa ule utepe wenye rangi. Nilipopima mara ya kwanza walikuwa wazuri tu. Nilipopima tena mpunga ulipoanza kuchanua, wengi walikuwa wamepungua, mikono imekuwa kama vijiti. Nikaenda na maelezo yangu ya darasani, nikawakusanya akina mama nikawahubiria kuhusu makundi ya vyakula. Walinisikiliza kwa adabu. Walipotawanyika Magdalena akaniambia, "Mwanangu, haya unayotufundisha tunayajua. Twende kesho shambani."

Nikaenda naye. Kule milimani mpunga ukichanua hauachwi peke yake, nguruwe wanaumaliza. Akina mama wanahamia mashambani, wanalala kwenye vibanda na kufukuza wanyama. Mtoto anayenyonya wanakwenda naye. Aliyeachishwa ziwa anabaki nyumbani na dada yake wa miaka saba au minane, na huyo dada uji anaoujua ni maji na unga wa muhogo. Hicho ndicho kilichokuwa kinawakondesha watoto wangu. Si ujinga wa mtu yeyote.

Tukakaa na wale akina mama, tukapanga wawili wawili wabaki kijijini kwa zamu, wapike uji wa watoto wa wote, wenye karanga na dagaa waliosagwa, na wenzao wawalindie mashamba. Walibishana kweli, maana kumwachia mwenzio mpunga wako si jambo dogo. Nilipopima kabla sijaondoka, mikono ilikuwa imerudi. Baba, mtoto mmoja wa kike aliyekuwa hata kukaa hawezi alinitambaia mpaka miguuni, akaung'ang'ania ule utepe, hataki kuuachia. Sijawahi kusikia furaha kama ile, si siku ya matokeo, si siku ya kuvaa joho.

Je, hiyo ni sayansi? Upande mmoja kulikuwa na mizani, takwimu, na fiziolojia ya mtoto. Upande wa pili kulikuwa na kukaa jamvini, kusikiliza, na kusuluhisha ugomvi wa zamu. Ningeweza kuapa pande zote mbili na nisiwe mwongo.

Mwisho mjomba aliniachia nimalizie, akaenda kuswali. Aliporudi akaniuliza, "Umeliweka?" Nikamjibu, "Nimeliweka." Akakupigia palepale kukwambia maombi yamekwenda. Nawe nikakusikia ukilia machozi ya furaha, na wenzako wakisema mashallah.

Tangu siku ile sikupata usingizi mzuri. Kila niendako jina limenitangulia. Hapa Mitwero muuza maji ananiita dokta. Mama ananiambia umenunua saa ya ukutani kwa ajili ya chumba changu cha kuonea wagonjwa, chumba ambacho hakijajengwa. Umeshaona mtego wa dema, Baba, unaujua kuliko mimi: samaki anaingia mwenyewe, kwa mlango mpana, hakuna aliyemsukuma. Akiwa ndani kila akigeuka mlango anauona, ila kupita hapiti. Ndivyo nilivyokuwa. Nyote mlionizunguka mlikuwa mnanipenda, na ndiyo sababu sikuwa na wa kumkasirikia.

Halafu ikaja Idi, na hapa ndipo penye jambo ambalo hulijui kabisa.

Wewe unakumbuka nilivyofika Alhamisi, nikatupa mkoba barazani na kukimbia kwa Bibi Sauda wa mlango wa pili, nikambeba mjukuu wake Yasini nikampeleka hospitali kwa bodaboda. Unakumbuka pia ulivyosimulia msikitini siku ya pili kwamba mwanao, hata chuo hajaanza, kaokoa maisha ya mtoto. Watu walikuja nyumbani kunipa mkono. Nilikaa kwenye kiti ulichoniwekea nikapokea mikono yao, na ndani nilikuwa naungua.

Yasini alikuwa anaharisha na kutapika tangu Jumatatu, Baba. Nilipomkuta utosi umebonyea, macho yameingia ndani, nikimfinya ngozi ya tumbo haitaki kurudi. Hospitali iko hapohapo Kivinje, mtu anafika kwa miguu. Muuguzi alipokuwa anahangaika kutafuta mshipa alimuuliza Bibi Sauda kwa ukali, "Siku zote hizi mlikuwa wapi na mtoto?" Bibi Sauda akanionyesha mimi kwa kidole, akasema, "Tulikuwa tunamsubiri daktari. Mzee Fakihi alisema anafika Alhamisi."

Muuguzi akanigeukia. "Wewe daktari?"

Nikasema hapana. Ndiyo mara ya kwanza nimelitamka neno hilo mbele ya mtu wa Kivinje, nikalitamka kwa sauti ndogo kiasi kwamba Bibi Sauda hakulisikia. Mshipa ukapatikana, dripu ikaingia, na kufikia jioni mtoto akafumbua macho. Alipona kwa kazi ya wale wauguzi na kwa rehema ya Mwenyezi Mungu. Nilichofanya mimi ni kumfikisha walikotakiwa wampeleke siku ya kwanza. Na aliyewazuia wasimpeleke ni daktari ambaye hayupo duniani, tuliyemtengeneza wewe na mimi, wewe kwa kusema na mimi kwa kunyamaza.

Sikukwambia siku ile. Ulikuwa umevaa kanzu mpya, umechangamka, sijakuona hivyo tangu nikiwa mdogo. Niliogopa.

Wiki mbili zilizopita majibu ya chuo yakaja. Mjomba ndiye aliyeyafungua, akasoma mstari wa kwanza wenye hongera, akatoka nje akipiga kelele mpaka majirani wakadhani kuna nyoka. Mimi nikabaki nasoma aya ya pili, ambayo yeye hakuifikia. Iliandikwa kwamba jopo limepitia masomo yangu, na kwamba somo la Chakula na Jamii, ambalo mwombaji mwenyewe aliliandika kuwa si sayansi, kwa vipimo na takwimu zilizomo linastahili kuhesabiwa sayansi. Wamelihamisha. Wastani umevuka. Nimechaguliwa.

Ndiyo, Baba. Niliandika si sayansi. Mjomba aliponiuliza kama nimeliweka nilimjibu kweli, nimeliweka, lakini sikusema upande gani. Mlifurahi juu ya jambo ambalo sikulifanya, nami nikawaacha mfurahi. Na wala sitaki unione mkweli kwa hilo. Ningekuwa nautaka udaktari, moyo wangu ungekuta sayansi tele katika somo lile. Niliuegemeza mzani upande wa kukataliwa, kwa makusudi, ili chuo kiseme hapana kwa niaba yangu. Nilitaka barua ya watu wa mbali inifungulie mlango, wewe usikitike kidogo, useme ndivyo Mungu alivyopanga, na mimi nisiwe nimekukatalia kwa kinywa changu. Wale watu, kwa uadilifu wao, wakalisoma somo langu vizuri kuliko nilivyolisoma mimi, wakanipa haki yangu. Nikaketi pale kwenye kiti nikalia mpaka kanga ikalowa. Mjomba akanipapasa kichwa, akasema, "Lia mwanangu, furaha nayo ina machozi yake."

Ukachinja mbuzi. Ukasomesha dua. Mlinishikisha simu niitikie amin, nikaitikia.

Siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi ilikuwa Ijumaa iliyopita. Alhamisi nikawaandikia kwamba naiachia. Rosemary akanipigia mwenyewe, nafikiri alidhani mtu mwingine ameandika kwa jina langu. Akaniuliza, "Una hakika? Tukishaifuta hairudi, anaitwa anayefuata." Nikamwambia nina hakika. Akasema sawa, akanitakia heri. Imeshafutwa, Baba. Nakwambia hili kabla hujafikiria kumtuma mjomba au kumtafuta mtu wa kuzungumza nao. Hakuna tena cha kuzungumzwa kule. Kuna mtu mwingine sasa hivi mahali fulani anashangilia na watu wake, na Mungu amjaalie awe anakitaka kile alichokipata.

Najua ndoto hii haikutoka kwenye majivuno. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka ile masika, kaka Ibrahimu amejikunja kwenye tela la trekta, anashika tumbo, barabara imekatika na mnasubiri maji yapungue ili mfike Lindi, maana Kivinje wakati ule hapakuwa na daktari. Nakumbuka mlivyorudi naye amefunikwa. Ulisimama mlangoni ukasema, nyumba hii itatoa daktari, hata kama nitauza meno yangu. Mimi ndiye niliyekuwa karibu yako, nikadhani unaniambia mimi. Pengine ulikuwa unaniambia mimi. Nimelibeba neno lile darasa kwa darasa, na nilikuwa tayari kulibeba miaka mingine sita, kwa kukuonea huruma na kwa woga. Kilichonishinda ni Yasini. Nikaona kwamba nitaingia wodini kama nilivyokaa kwenye kile kiti siku ya Idi, napokea mikono ya watu huku moyo uko kwingine, na mgonjwa hapaswi kupewa daktari wa namna hiyo. Kaka Ibrahimu naye hakustahili kupewa wa namna hiyo.

Usiniulize nitafanya nini badala yake, maana jibu langu ni jepesi na litakuudhi. Sina ajira ya kukuonyesha. Bado najitolea kwenye zahanati huku vijijini, napima watoto wa wakulima wa korosho. Magdalena amenitumia salamu kwamba mpunga umeshavunwa na zamu za uji wataziendesha tena msimu ujao, nikipenda niende nikawasaidie. Nataka kwenda. Sina zaidi ya hilo.

Mjomba nitamwambia jioni hii akirudi kutoka kwenye kikao cha shule. Sikutaka alijue kabla yako. Usimlaumu, yeye hakujua lolote, na ubishi wake wote ulikuwa kwa ajili yetu. Kwa Bibi Sauda nimeona niende mwenyewe nikamweleze, na nikuombe radhi mapema kama utaona nimekuaibisha, lakini mtu yule lazima ajue kwamba mlango wa pili hakuna daktari, asije akasubiri tena.

Nisalimie mama, umwambie ndivyo ilivyo, kile alichokuwa ananiuliza chinichini kwenye simu, kama udaktari nautaka kweli, jibu lake ni hili. Nisalimie shangazi Nasma na wote wa nyumbani kwake, na wazee wa gengeni, kila mmoja kwa jina lake. Nakuombea afya na subira, na nakuomba radhi yako, ambayo najua sina haki ya kuiharakisha.

Nitapanda basi la Jumamosi. Kama hutaki nifikie nyumbani, usijisumbue kunipigia. Mtume mtu stendi aniambie tu, nami nitakwenda kulala kwa shangazi, na Jumapili asubuhi nitakuja kukuamkia mlangoni kama mgeni.

Mimi mwanao,
Mastura Fakihi